Mfupa wa Bibi, Mguu wa Kuku

Kuku alitembea siku ya Ijumaa asubuhi, na kwa watu wa nyumba yetu mambo yakaishia hapo. Bibi alifunguliwa vijiti mkononi, akaoga, akavaa kikwembe cha kutokea, akaenda kusalimia majirani. Mimi nilibaki uani nikimtazama yule kuku akichechemea kati ya sufuria, nikijua kwamba nikisema ninachotaka kusema nitaharibu furaha ya watu wote. Nikasema.

Kwanza nieleze habari ya kuku. Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa ameteleza kwenye saruji ya kufulia nguo. Hakuanguka kutoka juu ya kitu chochote. Alikuwa amesimama tu, mguu ukateleza, akaweka mkono chini ajizuie, na mkono ukavunjika kwenye kifundo. Mtoto mdogo angeanguka vile na kuinuka akicheka. Tonton, mdogo wake mama, ambaye tunaishi naye nyumba moja hapa Kisangani, hakusubiri ushauri wa mtu. Alimvusha bibi kwa pirogi hadi ng'ambo ya mto, kwa mganga wa mifupa, mzee mmoja aliyetoka Opala ambaye nusu ya mji imepita mikononi mwake. Mganga aliunyoosha mkono wa bibi, akaupaka majani, akaufunga kwa vijiti vya mchikichi. Kisha, kama wanavyofanya waganga wa mifupa wa kwetu, akamshika kuku, akamvunja mguu mbele ya mgonjwa, na kuku naye akafungwa majani yaleyale na vijiti vyake vidogo. Mgonjwa anarudi nyumbani na kuku wake. Siku kuku anapokanyaga chini na kutembea, mgonjwa naye amepona, anafunguliwa.

Sina ugomvi na yule mzee kuhusu kunyoosha. Mkono wa bibi ulinyooka vizuri, hata madaktari walikubali baadaye. Ugomvi wangu ulikuwa na kuku. Alikuwa kuku kijana, hajataga hata yai moja, amejaa nguvu, na mfupa wake ulikuwa unataka kupona hata kama angefungwa kwa uzi wa kushonea.

"Tonton," nilisema, "mnalinganisha mguu wa kuku mutoto na mkono wa mutu aliyepita miaka sabini?"

"Sasa ulitaka tukutafutie kuku ya miaka sabini?" alijibu, na uwanja mzima ukacheka, pamoja na bibi aliyekuwa bado mlangoni.

"Mi nasema tu, donc, kabla ya kuuliza kama mkono umepona, tuulize kwanza juu ya nini, sababu gani, umevunjika."

"Umevunjika juu alianguka. Chuo kizima mulisoma nini kule?"

Nilisoma uchumi. Nina shahada, sina kazi, na kwa sababu hizo mbili mimi ndiye msomaji wa nyumba: nasoma karatasi za dawa, nasoma bei, nasoma ujumbe wa simu za watu wasioona vizuri. Kusoma kwangu kunatakiwa kila siku. Ila nikishasoma, maoni yangu hayatakiwi.

Lazima mjue pia kazi ya bibi, maana ndiyo iliyoleta matata yote. Familia yetu ni ya Waislamu wa zamani wa mji huu, wale waliokuja na biashara enzi za mababu, na katika mtaa wetu mwanamke akifariki, huitwa bibi kumwosha. Alianza akiwa bado msichana mwenye nguvu, akimsaidia mama mkwe wake, na sasa yeye ndiye mkubwa wa waoshaji. Wako watano, wote wazee. Wanamjua kila mwanamke wa mtaa kwa namna ambayo daktari hamjui. Kazi yenyewe si maji na sabuni tu. Kuna kumhamisha maiti kutoka kitandani hadi kwenye ubao, kumgeuza upande huu na upande ule, kumwinua kiwiliwili, kumweka kwenye sanda. Mtu aliyekufa ni mzito kuliko alivyokuwa hai, na mtaani kwetu kuna wanawake waliokula lituma, ndizi zetu za kuponda, vizuri maisha yao yote.

Wiki chache baada ya kuku kutembea, alifariki mmoja wa hao. Bibi alikwenda. Wakati wa kumwinua, yeye akiwa upande wa mabega, alisikia kitu mgongoni kikilia kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Aliendelea kuosha hadi mwisho, akafunga sanda, akawapa mkono wafiwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akalala kitandani ameelekea ukuta. Nilipomletea chai alisema ameshiba. Ndipo nilipojua, kwa sababu bibi hajawahi kukataa chai.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Mugongo umechoka tu."

Alikaa kitandani siku nyingi. Mganga wa ng'ambo alitumiwa salamu, akajibu kwamba mgongo haufungwi vijiti, tumkande kwa maji ya moto. Tonton akasema mgongo wa mzee ni lazima uume, ni kawaida. Majirani wakasema ni kawaida. Imamu alipokuja kumwombea, naye akamwambia ni mambo ya umri. Nilikuwa nazunguka nyumba nikijiuliza kwa nini watu wanaokubali kwamba mguu wa kuku una maana hawakubali kwamba mgongo wa bibi una maana.

Nikampeleka hospitali. Nilikataa pikipiki kwa kuogopa mashimo, tukapanda toleka mbili, bibi kwenye baiskeli moja na mimi nyuma yake kwenye nyingine, nikipiga kelele kila nilipoona shimo mbele. Mwendesha baiskeli wake alivumilia hadi karibu na Makiso, katikati ya mji, kisha akageuka.

"Mademoiselle, hii shimo naijua kuliko weye. Inanilisha matope kila siku."

"Muache afanye kazi yake," bibi alisema bila kugeuka. "Ukipiga kelele, yee anaangalia weye, haangalie shimo."

Pale hospitali umeme haukuwepo. Tulisubiri jenereta, na jenereta ilisubiri mafuta. Picha ilipotoka, daktari kijana aliipandisha dirishani ili mwanga upite. Mimi sijui kusoma mifupa, lakini hata mimi niliona: pingili zote zilikuwa kama vitofali, isipokuwa moja, iliyobonyea kama mkate uliokaliwa na mtu.

"Hii imeshuka," daktari alisema. "Ni uzee, mama. Nitaandika dawa ya maumivu."

"Docta, na mukono?" nilidakia. "Alivunjika mukono pia, juzijuzi, na alikuwa tu amesimama. Sasa mugongo, na alikuwa tu ananyanyua. Si kuna ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi? Si kuna mashine ya kupima?"

"Iko mashine. Hapa haiko. Labda Kinshasa." Alianza kuandika. "Et puis, ukishapima, utafanya nini?"

Hilo swali liliniudhi kiasi kwamba nililijibu kichwani kwa wiki nzima, kila mara vizuri zaidi, nikiwa naosha vyombo, nikiwa natembea, nikiwa naongea na watu wengine kabisa. Pale pale nilisema tu asante.

Katika mji wetu shinikizo la damu linapimwa kila kona. Kuna vijana wanakaa kwenye kiti karibu na soko na kile kitambaa cha kubana mkono, unalipa kidogo, unapimwa. Sukari wanapima siku za kampeni. Macho wanapima. Makanisa yanapima, msikiti unapima, hata duka moja la vitambaa liliwahi kuwapima wateja wake. Mzee wa Kisangani anajua namba zake za shinikizo kama anavyojua majina ya wajukuu. Lakini mfupa, ambao ndio umemsimamisha, hakuna anayeuuliza chochote mpaka uvunjike, na ukishavunjika unaulizwa tu kama umeungana.

Nikaanza kusoma kwenye simu, na hapo nikajiongezea ugonjwa wangu mwenyewe. Nilisoma kwamba hata nchi zenye mashine nyingi, wazee wengi wanavunjika mkono, wanafungwa plasta, wanarudishwa nyumbani bila mtu kuuliza kwa nini mfupa ulikuwa dhaifu. Nilisoma kwamba mtu akishavunjika mara moja, uwezekano wa kuvunjika tena unapanda, na kwamba wanachokiogopa kuliko vyote ni nyonga. Nilisoma kwamba dawa zipo, zimekuwepo miaka mingi, lakini kuna mahali watumiaji walipungua kwa sababu ya hofu ya madhara ambayo huwapata watu wachache: taya kuoza, na mfupa wa paja kuvunjika. Nilipofika kwenye taya, nilimwomba bibi afungue kinywa.

"Unatafuta nini humo?"

"Meno."

"Yamebaki mane. Unayajua yote."

Basi nikaingia kwenye safari ya mashine. Niliandikia wenzangu wa chuo walioko Kinshasa, mmoja aliyeko Bunia, mwingine Kampala. Nilifikiria ndege, nikafikiria ndege inavyotua na kumrusha mtu kwenye kiti, nikafuta. Nilifikiria boti, siku zile zote juu ya mbao ngumu, nikafuta. Nilifikiria kumkodishia godoro kwenye boti. Nilifikiria tukifika Kinshasa na mashine iwe imeharibika. Nilifikiria ikiwa nzima na umeme haupo. Miezi ilikwenda hivyo, nami nikijiona mtu wa vitendo, kwa sababu kila siku nilikuwa nimemwandikia mtu. Wakati huo huo bibi aliamka kitandani, akajifunga kanga mbili kiunoni, na siku alipokuja kuitwa, akaenda kuosha.

"Namwanga tu maji," aliniambia aliporudi.

"Na kugeuza?"

"Kidogo."

Nilitaka kulia kwa hasira. Nilimwambia tonton amkataze mama yake. Tonton akaniuliza kama mimi nimewahi kumwona mtu aliyemkataza.

Aliyetuokoa na safari ya Kinshasa ni daktari mwanamke, mtu mzima, anayepokea wazee kwenye zahanati ndogo nyuma ya maduka ya Makiso. Shangazi mmoja ndiye aliyetutajia. Nilikwenda na bibi, na picha, na maswali yangu kwenye simu, na habari zote za mashine za miji mitatu. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lilinipa wasiwasi. Kisha akamgeukia bibi.

"Mama, nguo zako za zamani, zimekuwa ndefu?"

Bibi alishangaa. "Zinaburuta. Ni maji ya siku hizi, yananyoosha kitambaa. Kila mwaka nazikunja."

"Zote zinaburuta?"

"Zote."

"Kwa hiyo kitambaa hakijarefuka. Ni weye umefupika." Akaniangalia mimi. "Ulikuwa unatafuta kipimo. Kipimo mumepata mara mbili tayari. Kimoja kwa mukono, kingine kwa mugongo. Mutu wa umri huu akivunjika kwa kuanguka kutoka urefu wake mwenyewe, halafu pingili inashuka, mashine itaniambia nini? Ingekuwepo ningeitumia. Haiko, tunaanza matibabu."

Nilikaa pale nikihesabu miezi niliyopoteza. Daktari alikuwa ameshaendelea: vipimo vya damu kuona figo, meno yaangaliwe, jua la asubuhi kwenye mikono, ndagala, wale samaki wadogo, waliwe pamoja na mifupa yao, kidonge kimoja kila wiki. Na kutonyanyua.

"Kutonyanyua nini?" bibi aliuliza.

"Kitu chochote kizito. Ndoo. Mutoto. Gunia."

Bibi alinitazama kwa jicho la kunikataza kusema. Nikasema.

"Maiti," nikamwambia daktari. "Ananyanyua maiti."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, ukinyanyua maiti, mara nyingine itakuwa nyonga. Hapa kwetu nyonga ya mutu muzee ni shida kubwa. Wengi hawainuki tena."

"Na mimi nikiacha, nani atabeba?"

Daktari alichukua tena kalamu, akaandika jina la kidonge.

Kidonge chenyewe hakikupatikana mjini. Famasia ya kwanza ilinipa kalisi ya kuyeyusha kwenye maji, ya pili ilinipa vitamini za wajawazito, ya tatu ikaniambia hiyo ni dawa ya wazungu. Rafiki ya tonton alikileta kutoka Kinshasa ndani ya kiatu, sijui kwa nini ndani ya kiatu. Masharti yake yalikuwa haya: tumbo tupu, glasi nzima ya maji, kisha nusu saa mtu akae wima, asile, asilale, asiiname, maana kikikwama kinachoma koo. Kila Jumanne asubuhi bibi alikaa kwenye kiti cha mgongo mrefu, mimi nikakaa mbele yake nikimlinda. Akitaka kuinama kuokota tasbihi, naokota mimi. Akisinzia, namwita.

"Muangalie," tonton alikuwa anawaambia wageni. "Kila Jumanne mama yangu iko gerezani. Na gardien ni huyu, na diplome yake."

Ramadhani ilipoingia, daktari alituruhusu tumpe kidonge wakati wa kufuturu. Nilidhani nimelitatua jambo kwa akili. Sikuwa nimefikiria kwamba nyumba nzima itakuwa inakunywa uji na kula mikate ya moto mbele ya mtu aliyeshinda na njaa, ameshika glasi tupu, akinitazama kama mdhalimu. Jumanne ya kwanza alivumilia. Ya pili, nilipogeuza kichwa, alikuwa ameshaweka tende mdomoni.

"Bibi!"

"Ni moja tu. Mungu ameiona, hajasema kitu."

Waoshaji wenzake wanne walikuwa wakija kumtazama nyakati za alasiri, na mimi, nikiwa na lile swali jipya la daktari, sikuweza kunyamaza. Niliwauliza kama nguo zao zimekuwa ndefu. Kwanza walicheka. Kisha mmoja akasema zake zinafagia njia. Mwingine akasema yeye alivunjika mkono kwenye ngazi ya msikiti, ukaungana, mambo yakaisha. Mwingine akageuka kutuonyesha mgongo wake ulivyopinda, akasema mama yake alikuwa hivyo hivyo, ni umbo la ukoo wao. Wa nne alikuwa amevunjika mbavu akikohoa, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu nani angeamini. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, wakionyeshana, kana kwamba ni mashindano. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameulizwa na muuguzi wala daktari swali lolote kuhusu mifupa. Shinikizo lao walilijua wote.

"Na yule?" bibi aliuliza ghafla.

Alimaanisha rafiki yake, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye walikua pamoja. Yule alikuwa ameanguka karibu na kisima tangu kabla ya mvua, akavunjika nyonga. Hospitali walisema apasuliwe, familia ilisubiri mtoto aliyeko mbali, mtoto alituma maneno. Mganga wa ng'ambo alikataa, akasema nyonga si kazi yake, na kwa hilo nilimheshimu. Tangu hapo mama yule alikuwa amelala. Tulikuwa tunampelekea samaki, na kila mara alikuwa mdogo zaidi ndani ya shuka.

Alifariki baada ya sikukuu, asubuhi, wakati bibi amekaa mkekani anachambua mchele. Wakaja kumwita. Niliwasikia mlangoni, nikatoka mbio nikasimama kati yake na viatu vyake.

"Hauendi."

"Huyu ni dada yangu."

"Utaenda kumulilia. Hautanyanyua."

"Nani atanyanyua? Wale wanne? Umewauliza weye mwenyewe, umesikia mifupa yao."

Ni kweli nilikuwa nimewauliza. Nilikuwa nimefanya uchunguzi mzima wa waoshaji wa mtaa, nikathibitisha kwamba hakuna hata mmoja anayefaa kuinua mtu, na sikuwa nimefikiria hatua inayofuata. Nilianza kutaja wanawake vijana wa mtaani, huyu ana mimba, huyu anauza sokoni, huyu anaogopa, yule amehamia Isangi. Bibi alinisubiri. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, na nilitaka kuendelea kutaja majina ili nisifike mwisho.

"Weye ndiye ulisema nisibebe," alisema. "Bon. Beba."

Nilimwambia sijui. Alisema hakuna anayezaliwa anajua. Nilimwambia naogopa, na hilo lilikuwa kweli kuliko yote niliyokuwa nimemwambia mwaka ule. Akaniambia nikachukue udhu.

Sitasimulia yote ya kile chumba, si yangu kusimulia. Palikuwa na ubao, ndoo, kafuri kwenye kisahani, madirisha yamefungwa kwa vitambaa. Waoshaji wanne walikuwa wameshafika, na kila mmoja aliponiona alimtazama bibi, kisha akasogea kunipa nafasi. Nilikuwa nimebeba kiti cha plastiki kutoka nyumbani, nikakiweka upande wa kichwa, nikamkalisha bibi hapo. Nilimwambia asitoke kwenye kile kiti.

Tulimhamisha kwa shuka, mimi upande wa mabega. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, nimekunja magoti, nimekaza meno, na alipoinuka alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikaribia kumrusha. Hapakuwa na kitu tena. Tulipomlaza kwenye ubao, chini ya kitambaa kilichomfunika, mguu mmoja ulionekana mfupi kuliko mwingine na umegeukia nje. Nilikuwa nimesoma hilo kwenye simu, nyonga iliyovunjika hufanya hivyo. Nilijikuta nimesimama nikiutazama.

"Mutoto," mmoja wa wale wamama alininong'oneza, "maji yanapoa."

Nikachukua kata. Bibi alikuwa ametuambia upande wa kulia kwanza, siku zote kulia kwanza, na kwa sababu nilikuwa nafikiria sana kuhusu kulia, mkono wangu ukaenda kushoto.

"Kulia!" bibi alisema. "Nimesema kulia. Aa, huyu. Leta, nitafanya mwenyewe."

Nikamwona ameweka mikono yote miwili kwenye kiti na anainuka. Pale chini palikuwa na maji na sabuni, saruji inang'aa. Mimi nilikuwa nimemshika rafiki yake bega, siwezi kumwachia.

"Kaa!"

Nilipiga kelele. Ndani ya chumba kile, mbele ya maiti, kwa mtu aliyenilea. Yule mama mwenye kata nyingine alisimama nayo hewani, maji yakidondoka. Nje kwenye baraza wanawake waliokuwa wanasoma Kurani wakakatiza kisomo. Niliona kwamba nimefanya jambo ambalo litasimuliwa mtaani mpaka nizeeke, na bado sikuweza kuliondoa jicho langu kwenye miguu yake juu ya ile saruji.

"Kaa, bibi," nikasema tena, chini chini. "Tafadhali."

Alibaki nusu amesimama. Kisha yule aliyevunjika mbavu akikohoa akasema, akiwa anatazama ndoo, "Yee iko na haki. Kaa, mukubwa."

Bibi alikaa. Alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akakaa wima, mikono magotini.

"Bon," alisema. "Kulia kwanza. Na ule muguu uushike polepole. Ulimusumbua sana."